Kitabu cha Pili: Maneno kwa Mkutubi Anayeanza Kazi

Mwenzangu uliyepangiwa kaunta ya kuazimisha vitabu kwa mara ya kwanza, yale uliyojifunza chuoni Bagamoyo juu ya uainishaji, katalogi na mpangilio wa rafu utayahitaji kila siku, na sitayarudia hapa. Ninalotaka kukueleza ni jambo moja nililolielewa polepole katika miaka yangu ya kazi mkoani Tanga, baada ya kuwapoteza wasomaji ambao wangeweza kubaki nasi. Kitabu cha kwanza mtu hukichukua kwa sababu ya mtihani, au rafiki amemhimiza, au mvua imemkuta njiani akaingia kujikinga. Kitabu cha pili hukichukua kwa sababu ya namna alivyopokelewa aliporudisha kile cha kwanza. Ukitaka kujua kama kazi yako inakwenda, usihesabu kadi za uanachama ulizoandika. Angalia ni wangapi wamerudi kuchukua cha pili.

Katika mwaka wangu wa pili kazini, kijana mmoja wa bodaboda aliingia kukimbia mvua, akaweka helmeti yake juu ya meza ya magazeti, akasoma ukurasa wa michezo mpaka mvua ikakatika. Siku chache baadaye alirudi na fomu iliyosainiwa na mdhamini wake, akaniomba nimchagulie kitabu kizuri. Nilimpa Kusadikika, kwa sababu nakipenda kitabu hicho na kwa sababu Shaaban Robert ni mtu wa kwetu, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909. Sikumwuliza lolote juu yake yeye mwenyewe. Alikirudisha siku ya nne. Nilimwuliza kama amekipenda, akajibu kwa adabu, “Kizuri sana, mama, ahsante,” nami nikagonga muhuri na kumshukuru. Nilipokuwa nakirudisha rafuni iliniangukia risiti ya mafuta iliyokuwa imewekwa ukurasa wa tisa kama alama. Hakuja tena.

Tangu siku hiyo siulizi kama mtu amekipenda kitabu. Swali hilo halina faida kwa watu waliolelewa kwetu, kwa kuwa heshima inawataka wasifu kile walichopewa na mkubwa. Uliza, “Ulifika wapi?” Au uliza ni nani humo ndani aliyemkera. Mtu aliyesoma atakujibu kwa urefu, na katika majibu yake utasikia kitabu cha kumpa. Aliyekwama ukurasa wa tisa naye atakwambia, kwa sababu umemwuliza mahali alipofika, hukumpima kama ameweza au ameshindwa. Mpokelee kwa uso mkunjufu na umpe kingine hapo hapo kabla hajatoka mlangoni.

Mwanachama mpya naye usimwulize anapenda vitabu gani, maana wengi hawajawahi kusoma kitabu nje ya vile vilivyoteuliwa shuleni na swali hilo huwatia haya. Mwulize ni hadithi gani aliyosimuliwa nyumbani au kuisikia redioni ambayo mpaka leo hajaisahau. Mwulize pia anafanya kazi gani, na anatarajia kusoma saa ngapi, wapi, kwa mwanga gani. Dereva anayesubiri abiria kijiweni anahitaji sura fupi anazoweza kuziacha na kuzirudia. Mlinzi wa usiku anaweza kubeba riwaya nene. Mtaalamu wa ukutubi kutoka India, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo huitimizi kwa kuvijua vitabu peke yake.

Hata hivyo vitabu lazima uvijue, na uvijue kwa kuvisoma. Mimi siku hizi, mtu akitaka kuanza na Shaaban Robert, humpa Adili na Nduguze, kitabu chembamba cha mwaka 1952, na simwambii kwamba kina mafunzo mema. Namwambia kwamba kuna liwali mwema kuliko wote katika nchi yake, lakini kila usiku huwachapa manyani wawili, na mfalme anataka kujua sababu. Sijaona aliyekiacha kaunta baada ya kusikia hivyo. Akikimaliza ndipo namtolea Kusadikika, na safari hii hakimshindi. Kwa anayependa mambo ya upelelezi nina Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anafumbua fumbo la mauaji kwa utulivu. Wafanyakazi wa bandarini nawapa Kuli cha Adam Shafi, kinachozungumzia mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Mmoja wao alikirudisha akanieleza kwa nusu saa nzima ni nini kimebadilika katika kazi ya kupakua mizigo na nini hakijabadilika. Na wale waliosikia habari za Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wakadhani hawataweza kumsoma kwa kuwa anaandika kwa Kiingereza, wafurahishe kwa kuwaambia kwamba riwaya yake moja ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, ikiwa imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis.

Wazee wana jambo lao. Mzee akikwambia kwamba vitabu vya siku hizi havimvutii, kabla hujatafuta kingine mpe gazeti aangalie, na utazame anavyolishika. Akilisogeza mbali na uso, tatizo ni macho. Nimewahi kukaa miezi kadhaa nikibadilisha vitabu kwa mwalimu mstaafu ambaye alichohitaji ni miwani ya kusomea.

Sasa niseme juu ya programu za jamii, ambazo utatakiwa uzianzishe na kuziandikia taarifa. Kosa kubwa tulilolifanya lilikuwa kupanga saa kwa kuangalia ratiba yetu. Saa ya hadithi kwa watoto tuliiweka Jumamosi saa tatu asubuhi, tukatandika mikeka, tukangoja. Walikuja watoto wanne. Tulidhani wazazi hawajali, mpaka fundi cherehani wa jirani akatuambia kwamba asubuhi hiyo watoto wako chuo cha Kurani kwa ustadhi wao. Nilikwenda kuzungumza na ustadhi, tukakubaliana saa tisa alasiri, naye akawatangazia watoto mwenyewe. Wiki iliyofuata mikeka haikutosha. Ukishapanga saa, usiibadilishe wala usiifunge bila taarifa, hata wakija watatu, kwa maana mtoto aliyetembea kutoka mbali akakuta mlango umefungwa hatatumwa tena. Weka pia ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni mlangoni. Msimu wa maembe utajua kwa nini.

Kwa watu wazima, usingoje waje. Kuna vikundi ambavyo tayari vinakutana kwa hiari, navyo ni bora kuliko klabu utakayoianzisha kwa barua za mwaliko. Mimi nilipata ruhusa ya kuhudhuria kikundi cha kinamama wa Vikoba, wanaoweka na kukopeshana fedha, na mwanzoni nikawapelekea vijitabu vya ujasiriamali, nikiamini ndivyo vinavyowafaa. Walivipokea, wakashukuru, wakaviweka chini ya sanduku la fedha. Mara ya tatu nilichukua mkusanyo wa hadithi fupi, nikasoma kwa sauti hadithi ya mke aliyeishi na mawifi watatu katika nyumba moja. Waliokuwa wakihesabu hisa waliacha kuhesabu. Nilikuwa nimeomba robo saa tu. Robo saa ilipokwisha nikafunga kitabu, ingawa hadithi ilikuwa haijafika mwisho. Jumatatu asubuhi mwenyekiti wao alimtuma binti yake maktaba kuuliza mke yule alifanya nini, na akarudi nyumbani na kitabu mkononi.

Utaratibu huu wa kusoma kwa sauti katika kundi si mgeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi; watu walisikiliza kipindi cha redio, wakasomewa sura ya kitabu, wakajadili hali ya kijiji chao, kisha wakaamua la kufanya, na vyoo vingi vikachimbwa. Wazee wa kwetu waliohudhuria vikundi hivyo bado wapo. Waulize walivyoendeshwa, kwa kuwa utajifunza mengi zaidi kuliko katika mwongozo wowote wa klabu za wasomaji. Na ukiwa pwani, siku moja moja acha riwaya, mwite mtu mwenye sauti aghani utenzi. Nimeona wavuvi waliokataa viti wakasimama dirishani mpaka beti za mwisho.

Lipo jambo ambalo halisemwi sana kazini na ningependa ulishike tangu siku ya kwanza. Anachokisoma mtu ni siri yake. Mwanamke akija kuulizia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, au kijana akiulizia kitabu juu ya virusi vya UKIMWI, usilitamke jina la kitabu kwa sauti katika chumba kilichojaa, usimtume mhudumu akilete, wala usimwulize sababu. Ondoka kwenye kaunta, tembea naye hadi kwenye rafu, mwonyeshe, mwache. Miji yetu ni midogo, na neno moja la mkutubi linaweza kumfikia mume kabla mwanamke hajafika nyumbani.

Mwisho ni habari ya wanaochelewesha. Kanuni za faini zipo, na utazifuata kama zilivyoandikwa, lakini ukumbuke kwamba wengi wanaokaa na vitabu vyetu hawakuviiba, wanaogopa kuja. Mama mmoja alikaa na kitabu cha picha cha mwanawe kwa miezi saba. Siku aliyokuja alikuwa amekifunga ndani ya khanga, akakifungua juu ya kaunta taratibu, akaanza kujieleza kabla hata ya salamu. Nilimsalimu kwanza, nikamkaribisha kiti, nikakikagua kitabu na kumwambia kwamba amekitunza vizuri, na kweli alikuwa amekitunza. Suala la faini tulilizungumza baadaye, na tulipokuwa tukilizungumza mwanawe alikuwa amekwisha kuvuta kingine kutoka rafu ya chini na kuketi nacho sakafuni.