Muulize Nesi: Begi haligandi, ngozi inaungua

SWALI: Habari za kazi nesi. Mume wangu alitoboka utumbo kwa sababu ya taifodi, wakampasua na utumbo mdogo wakautoa nje upande wa kulia, anatumia begi la kukusanyia choo. Leo ni wiki ya saba. Ngozi pale pale karibu na utumbo imechubuka, inatoa majimaji, usiku halali. Begi nabandika asubuhi, mchana limeshaachia. Nampaka mafuta ya mgando lakini wapi. Na choo ni maji matupu, namnywesha maji mengi ila anazidi kuishiwa nguvu. Tundu la begi nalikata kwa kile kikaratasi cha kipimo walichonipa wodini siku tunatoka. Ni aleji ya begi? Mama Z, Morogoro.

JIBU: Pole sana Mama Z, na hongera kwa kumuuguza maana hiyo kazi si ndogo. Aleji sidhani. Aleji ya gundi kawaida inachora umbo la begi lote, yaani unaona wekundu hadi kule mwisho gundi inapofika, ila wewe unasema ni pale pale karibu na utumbo. Tatizo ni hicho kikaratasi! Utumbo ukitoka operesheni unakuwa umevimba, halafu unasinyaa taratibu kwa wiki sita hadi nane, sasa wewe unakatia saizi ya zamani kwa hiyo katikati pamebaki ngozi tupu, na choo cha utumbo mdogo bado kina zile kemikali za kusaga chakula, inakuwa kama zinamsaga yeye. Pima upya leo, tundu lizidi utumbo kwa milimita 2 au 3 tu, na urudie kupima kila wiki mpaka uache kusinyaa.

Mafuta ya mgando acha kabisa, gundi gani itashika juu ya mafuta? Osha kwa maji ya uvuguvugu, hizi dawa kali za kuua vijidudu hapana, kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Ukipata poda ya stoma (stoma ndio huo utumbo uliotolewa nje) nyunyiza penye unyevu, kung'uta inayobaki, ndio ubandike. Bonyeza begi kwa kiganja dakika kadhaa, lile joto la mkono linasaidia gundi kushika. Mwaga kabla halijafika nusu, uzito ndio unalivuta. Na ukiona katone ka damu wakati wa kufuta usishtuke, utumbo wenyewe una mishipa mingi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hayo maji. Kila unachomwaga kipime kwenye chupa kuukuu yenye vipimo, ukijumlisha saa 24 ikapita lita 1 na nusu huyo anapoteza maji na chumvi, na ukimjaza maji matupu ndio unazidi kumsafisha chumvi. Mpe ORS, pakti moja kwa lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo siku nzima, na chakula kitiwe chumvi. Dafu ni tamu ila sodiamu yake, yaani chumvi, ni kidogo, haliwi badala ya ORS. Kwa hali uliyoisema usisubiri tarehe ya kliniki, kesho asubuhi mpeleke wampime damu, dawa ya kupunguza choo wataamua wao. Akianza kizunguzungu, kubanwa misuli au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hiyo kesho usiingoje.

Kingine haraka haraka: mahindi ya kuchoma, karanga na vipande vya nazi kwa sasa aviache, vinaziba. Choo kikikata ghafla masaa kadhaa, tumbo linanyonga na anatapika, ni hospitali, na usimpe dawa ya kufungua choo.

SWALI: Mwanangu ana kolostomi, yaani utumbo mpana umetolewa nje ya tumbo, sasa umechomoka mrefu kama kidole, jirani kasema tunyunyizie sukari. Ni kweli au ananitania? Baba wa Tanga.

JIBU: Hakutanii baba! Sukari ya kawaida inavuta maji kwenye uvimbe, utumbo unanywea, hata wodini tunaitumia kabla ya kuurudisha ndani. Mlaze chali kwanza, akilia unazidi kutoka. Ila usiusukume kwa nguvu mwenyewe, na uangalie rangi: ukiwa mwekundu na una unyevu kama ndani ya mdomo, funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji umpeleke leo. Ukiwa zambarau au mweusi hiyo sukari iache kwenye kopo, kimbia naye hata kama ni saa nane usiku.