Mkurugenzi kaondoka na bilioni, sisi tukamchangia zawadi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mkurugenzi mtendaji wenu kaondoka na gari na mamilioni, wiki hiyo hiyo mmeambiwa mwaka huu hakuna nyongeza ya mshahara, na ukinung'unika wenzako wanakwambia ni wivu. Unauliza kama ni wivu kweli, na kama kuna la kufanya.

Nitakujibu kwa yaliyonikuta. Miaka tisa nilikuwa mhasibu wa mishahara kwenye kampuni moja kubwa Barabara ya Nyerere, sitaitaja. Sisi watu wa mishahara tuna laana yetu: tunajua kila mtu anapata nini na hatuna wa kumwambia. Namba za hapa nimezisogeza kidogo nisijulikane, ila uwiano ni ule ule.

Miaka miwili tuliimbiwa kufunga mkanda. Chai ya saa nne ikaondolewa maziwa, halafu ikaondolewa yenyewe. Basi la wafanyakazi la Mbagala likafutwa, watu wakaanza kugombania daladala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri ili wawahi zamu. Nyongeza ya mwaka, hakuna. Tulikubali. Hali ilikuwa mbaya kweli, mimi nilikuwa naziona hesabu.

Oktoba tukaambiwa bosi na bodi wamekubaliana kuachana. Sababu zenyewe hazina maana hapa. Mradi aliousimamia haukuuzika, basi. Alikuwa amebakiza miezi 14 kwenye mkataba wa miaka mitatu.

Ikapangwa hafla ya kumuaga. Hema, keki, MC. Likapita tangazo kwamba kila mfanyakazi atachangia zawadi Sh 10,000, itakatwa kwenye mshahara. Tulikuwa mia nne na ushee, piga hesabu mwenyewe. Zawadi ilinunuliwa pale Mwenge, kinyago cha mpingo kirefu kama mtoto wa darasa la kwanza, kile cha Wamakonde kinachoitwa ujamaa, watu wamebebana mabegani mpaka juu. Sijui aliyekichagua alikuwa anatania au hakufikiria. Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, wakati vocha ya malipo yake ilikuwa kwenye droo yangu.

Sasa hiyo vocha ndiyo iliyonifungua macho, ngoja nikueleze vizuri.

Mshahara wake wa msingi ulikuwa milioni 38 kwa mwezi. Mkataba ulisema akiondolewa kabla ya muda analipwa miezi yote iliyobaki: mara 14, milioni 532. Ulisema pia anapata kiinua mgongo cha asilimia 25 ya mshahara wa muda aliotumikia. Alitumikia miezi 22, hiyo ni milioni 209. Jumla 741. Tiketi za familia, kontena la vyombo, ada za watoto mpaka mwisho wa mwaka wa masomo na kodi ya nyumba ya Masaki vilikuwa pembeni, sivihesabu. Gari alilinunua kwa thamani ya vitabuni. Sisi tulikuwa tunashusha thamani ya magari kwa asilimia 25 kila mwaka, kwa hiyo gari la mwaka wa nne kwenye vitabu ni kama chuma chakavu, ingawa barabarani bado linaitwa V8.

Nikafika kifungu ambacho nilikisoma mara tatu. Malipo yote ni "baada ya kodi", kodi itabebwa na mwajiri. Unajua mwenyewe kodi ya mshahara, ile PAYE, ukivuka milioni moja kwa mwezi kila shilingi ya ziada inakatwa asilimia 30. Ili mtu apokee 70 mkononi, lazima uandike 100. Ili yeye apokee milioni 741, kampuni ikaandika bilioni moja na milioni hamsini na kitu. Mzee wa kupakia mizigo analipa kodi yake mwenyewe, ila bosi alilipiwa.

Hakuiba hata senti. Hilo niliweke wazi kwa sababu wengi humu watakimbilia kusema fisadi. Kila mstari ulikuwa na sahihi, na kampuni ingegoma kumlipa angeishitaki na angeshinda. Kama kuna wa kukasirikiwa ni waliosaini, yaani kamati ya bodi inayopanga maslahi ya wakubwa, ambayo wajumbe wake wengi nao ni wakubwa mahali pengine na mikataba yao inafanana na hiyo. Sisi tulimalizia hasira zote kwa aliyeondoka. Wale wa bodi tukawaandalia viti vya mbele kwenye hema.

Miezi minane baadaye, Juni, likatoka tangazo la kupunguza watu 63. Nikaagizwa niandae rasimu ya malipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 42, inasema kiinua mgongo kisipungue mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, na miaka inayohesabiwa mwisho kumi. Kuna mzee mmoja wa mashine ya kufungasha, miaka 14 kazini, besiki (mshahara wa msingi) 480,000. Kwa siku sita za kazi kwa wiki, siku yake moja ni kama Sh 18,460. Siku 70. Inakuja milioni moja na laki mbili na tisini na kitu. Miaka minne ya mwisho haipo popote, kama vile alikuwa anakuja kiwandani kutembea.

Alikuja dirishani kwangu, nikamwandikia kwenye kikaratasi. Akakiangalia, akakigeuza nyuma, akauliza:

"Mwanangu, hii ni ya mwezi huu, au ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, mzee. Utaongezewa notisi ya siku 28 na likizo kama unadai."

"Ahaa. Basi asante."

Akakikunja akatia mfuko wa shati. Hakugomba. Angegomba ningejisikia nafuu.

Na angalia neno "msingi". Huyu mzee alikuwa anachukua karibu laki saba na ushee kwa mwezi, ila sehemu kubwa iliitwa posho: ya nyumba, ya usafiri, ya zamu. Posho haziingii kwenye kiinua mgongo. Kampuni nyingi hapa mjini zinabana besiki makusudi na kunenepesha posho, na mfanyakazi anafurahi kwa sababu mwisho wa mwezi fedha ni ile ile. Kwenye mkataba wa bosi, ukurasa wa pili, penye tafsiri ya maneno, kulikuwa na ufafanuzi mrefu wa "mshahara" ili asipunjwe popote. Sisi barua zetu za ajira hazikuwa hata na ukurasa wa pili.

Ndiyo maana nakwambia siyo wivu, au basi siyo wivu peke yake. Mimi sikutaka milioni 38 zake. Kilichonichoma ni kwamba kuondoka kwake kuliandikwa siku anaingia, wakati wanamhitaji na ana uwezo wa kusema bila hiki siji. Kuondoka kwetu kuliandikwa siku ambayo hatuhitajiki tena. Na kile ambacho sheria imekiita kiwango cha chini, kwetu kilikuwa ndiyo dari.

Usidhani ni mambo ya Bongo tu. American Airlines, Aprili 2003: marubani, wahudumu na mafundi walikuwa wametoka kupiga kura kukubali makato mazito, sehemu ya mpango wa kuokoa dola bilioni 1.8 kwa mwaka ili kampuni isifilisike. Kura zikimalizika ndipo ikafahamika kwamba wakubwa waliahidiwa bonasi za kubaki kazini, na mfuko wa pensheni zao umekingwa usiguswe hata kampuni ikifa. Mwenyekiti na mkurugenzi mkuu, Donald Carty, akafuta bonasi, akaomba radhi, haikusaidia, mwezi huo huo akajiuzulu. Wale wafanyakazi walikuwa wamekubali kukatwa. Kilichowachefua ni kuambiwa wote tuko kwenye mtumbwi mmoja kumbe wengine wamevaa maboya.

Uswisi walikwenda mbali zaidi. Mapema 2013 ilijulikana kwamba Daniel Vasella, mwenyekiti aliyekuwa anaondoka Novartis, angelipwa faranga milioni 72 ili asiende kufanya kazi kwa washindani. Kelele zilipozidi akaziacha. Machi 3 mwaka huo wananchi wakapiga kura, karibu asilimia 68 wakaunga mkono kupiga marufuku malipo ya namna hiyo ya kuwaaga wakubwa wa kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa. Hapa kwetu mtakumbuka 2016, Magufuli aliposema hakuna mkuu wa shirika la umma atakayezidi milioni 15 kwa mwezi, wakati wapo waliokuwa wanakula 40. Lakini hiyo ilikuwa serikalini. Kampuni binafsi hakuna wa kuifokea, ni mkataba wa watu wawili na wewe siyo mmojawapo.

Kwetu aliyetuokoa ni mtunza stoo, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Huyu jamaa alikuwa na hisa 200 za kampuni, alizinunua zilipouzwa mara ya kwanza, na kila mwaka alikuwa anaomba ruhusa anakwenda mkutano mkuu wa wanahisa na begi lake. Tulikuwa tunamcheka kwamba anafuata chakula. Mwaka ule alirudi na kitabu cha ripoti ya mwaka. Mimi sikumwambia kitu, naapa, kazi yangu ilikuwa inanikataza. Alikuja tu kuniuliza "malipo ya viongozi wakuu" kwenye ripoti huwa yanakaa upande gani, nikamjibu kama ambavyo ningemjibu mwanafunzi wa uhasibu: tafuta maelezo ya miamala na wahusika wenye uhusiano na kampuni. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 24, kinataka jumla yake ionyeshwe, na malipo ya kusitisha ajira yanatengwa kwenye mstari wake. Majina hayaandikwi. Lakini kama mwaka huo kaondoka mkubwa mmoja tu, hiyo ni hesabu ya darasa la tatu.

Kwenye kikao cha kupunguza watu, afisa rasilimali watu alianza na siku saba, sheria inasema hivyo. Mwenyekiti akamwambia sheria inasema *isipungue* saba. Akafungua kifungu cha 38: mwajiri anayetaka kupunguza lazima atoe taarifa zote muhimu na ajadiliane na wawakilishi kuhusu sababu, njia za kuepusha, namna ya kuchagua wanaoondoka, muda, na kiinua mgongo chenyewe. Yaani kiinua mgongo ni kitu cha kujadiliwa, hakiji kimeshapikwa. Msipoelewana mnakwenda kwenye usuluhishi. Halafu akaweka ripoti mezani, kapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Akauliza kwa upole tu: huyu alilipwa kwa siku ngapi za kila mwaka?

Hakupaza sauti, na nadhani ndiyo iliyosaidia. Tungeingia na mabango wangeita polisi wa kampuni na habari ingeishia hapo.

Vikao vinne. Tukatoka na siku 21 kwa kila mwaka, bila kikomo cha miaka kumi. Yule mzee wa kufungasha akatoka milioni moja na ushee mpaka milioni tano na laki nne. Siyo bilioni, lakini alipaua nyumba yake Chamazi.

Kwa hiyo mkuu, kama hesabu za kampuni yenu zinachapishwa, anza na hiyo ripoti, usianze na porojo za madereva. Angalia slipu yako ya mshahara, besiki ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, ukidai nyongeza idai kwenye besiki. Kama mna chama, sukumeni kiinua mgongo kiingie kwenye mkataba wa hali bora sasa hivi, wakati kampuni bado inawahitaji, msisubiri tangazo. Na ukiachishwa kwa namna usiyokubaliana nayo, una siku 30 tu kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona watu wakizimaliza kwenye kumsubiri mjomba aongee na mtu.

Nisisahau. Siku ya kusaini makubaliano, watu wameshafunga madaftari, mwenyekiti akasema bado moja. Akatoa slipu yake ya Oktoba, ile yenye makato ya zawadi. Kifungu cha 28, makato yasiyo ya kisheria yanahitaji kibali cha maandishi cha mfanyakazi, na hakuna aliyesaini. Chumba kizima kikacheka, hata yule wa rasilimali watu. Mwenyekiti hakucheka. Wakaandika.

Na mimi nilikuwemo kwenye wale 63. Nilijiandalia malipo yangu mwenyewe, nikayakagua mara mbili kama ya mtu mwingine. Notisi, likizo, kiinua mgongo, na mstari wa mwisho nikaandika: marejesho ya mchango wa zawadi, 10,000.