Kabla hujasema nyota ile ni kubwa, uliza iko umbali gani

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuzijua nyota, namwambia pesa ya darubini aiweke kwanza, ashuke pwani siku za giza la mwezi. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kosa, hapa hapa Bagamoyo.

Nilikuwa na mpwa wangu, binti wa darasa la sita, tumekaa ubavuni mwa ngalawa. Nikamwonyesha Sirius, ile ambayo Waarabu huiita Shira, inayong'aa kushinda nyota zote za usiku. Nikamwambia inang'aa hivyo kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Karibu yetu palikuwa na mzee mvuvi akingoja maji yajae. Alinyoosha mkono baharini, kwenye taa za wavuvi wa dagaa, akaniuliza, "Mwanangu, ile taa ya mwisho kule, inang'aa kwa ukubwa wake au kwa ukaribu wake?"

Sikuweza kumjibu. Taa ndogo ya karibu na taa kubwa ya mbali, machoni ni moja. Wanaastronomia wamehangaika na swali hilo hilo kwa karne nyingi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: tenganisha mng'ao unaouona na nguvu halisi ya nyota. Mng'ao unaouona hupewa namba, na namba hizo huenda kinyume, kwamba ikiwa ndogo ndipo nyota inang'aa zaidi. Mwaka 1856 mwanaastronomia Mwingereza Norman Pogson alipendekeza kipimo kinachotumika hadi leo: nyota mbili zikipishana namba 5, moja inang'aa mara 100 ya mwenzake. Zilizo hafifu kabisa kwa macho matupu, penye giza zuri, ni za namba 6. Sirius ni -1.46. Inayoifuatia ni Suheli, upande wa kusini, yenye -0.74.

Sasa linganisha umbali. Mwanga wa Sirius hutumia miaka 8.6 kutufikia, wa Suheli hutumia takriban miaka 310. Sirius inatoa mwanga kama mara 25 ya Jua letu. Suheli inatoa zaidi ya mara 10,000! Siku nilipomweleza mpwa wangu hesabu hiyo, alitazama taa za baharini kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, basi Suheli ndiyo ile taa ya mwisho."

Umbali wenyewe unapimwaje? Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kitazame kwa jicho la kulia halafu la kushoto, huku nyuma yake kuna mlingoti wa jahazi. Utaona kidole kinaruka. Wanaastronomia hufanya vivyo hivyo, ila badala ya macho mawili wanatumia pande mbili za njia ya Dunia kulizunguka Jua, miezi sita mbali, ambazo zimeachana kwa kilomita milioni 300. Nyota ya karibu huonekana imesogea kidogo mbele ya zile za mbali. Kusogea kwa Sirius ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita mbili iliyoshikwa Kaole, penye magofu ya kale kilomita kama tano kutoka hapa, nawe unaitazama kutoka mjini Bagamoyo. Ndiyo maana ilikuwa mwaka 1838 tu ndipo Friedrich Bessel alipotangaza umbali wa nyota kwa njia hii, nyota yenyewe ikiwa 61 Cygni. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, kimezipima nyota zinazokaribia bilioni mbili.

Ushauri wa pili, na huu ndio ninaoupenda zaidi: jifunze rangi. Mhunzi anajua chuma chekundu hakijafikia joto la chuma cheupe, na kwa nyota ni hivyo hivyo. Nyota iitwayo Betelgeuse ni ya rangi ya kaa la moto, na joto lake usoni ni kama nyuzi 3,300 za Selsiasi. Jua ni 5,500. Rigel, nyeupe ya kibuluu, inafika karibu 12,000. Ukiwa na darubini ndogo ya macho mawili, zungusha kidogo gurudumu lake la kulenga, taswira ivurugike makusudi, ili nyota itanuke iwe duara. Rangi itajitokeza wazi kuliko ikiwa nukta.

Mwanga huo ukipitishwa kwenye prizimu, yaani kipande cha kioo chenye pembe tatu, hutawanyika kama upinde wa mvua, na ndani yake mna mistari myeusi. Kwa mistari hiyo Annie Jump Cannon wa Harvard alizipanga nyota takriban 350,000 katika madaraja ya O, B, A, F, G, K na M, kutoka yenye joto kali hadi yenye joto dogo. Rigel ni B, Sirius ni A, Jua ni G, Betelgeuse ni M. Mwaka 1925 Cecilia Payne akaonyesha kwamba madaraja hayo yanafuata joto, na kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni.

Uzito hupatikana kwa nyota pacha, kwa kutazama zinavyozungukana. Sirius ina mwenzake mdogo, na mzunguko wao huchukua miaka 50 hivi.

Ukitaka kuanza, subiri mwishoni mwa Januari, usiku usio na mwezi. Chukua mkeka, zima simu, uyape macho nusu saa yazoee giza. Saa tatu usiku lala chali: Rigel itakuwa karibu kabisa na utosi wako, Betelgeuse kaskazini yake, Suheli kusini. Andika rangi kwanza. Mpwa wangu ana daftari lenye safu tatu, rangi, mng'ao na umbali, na ile ya umbali huiacha wazi mpaka apate namba iliyopimwa.