Kabla ya antivairasi, angalia nani ana funguo za mashini zako

Ndugu yangu wa Goma, umeuliza ununue antivairasi gani kwa mashini (kompyuta) tatu za duka lako, maana kila flashi ya mteja inakuja na virusi. Mimi nina duka la kuchapisha na fotokopi hapa Kadutu, Bukavu. Antivairasi nililipia mapema, na bado nilivamiwa.

Flashi kwanza, kwa sababu ndiyo kero ya kila siku. Mara nyingi mafaili hayajapotea: kirusi kimeyaficha, kikaweka njia za mkato mahali pake, na ukibonyeza moja umekiendesha mwenyewe. Msimu wa wanafunzi kutetea kazi zao, dada mmoja alisimama kaunta machozi yanamlengalenga. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ndiyo herufi ya flashi), na folda zake zikatokea tena, sura zote tano. Kwangu mashini moja tu inapokea flashi, na haina hesabu za duka hata moja.

Kilichoniumiza kilipitia mlango mwingine. Fundi aliyetengeneza mashini ninayowekea hesabu za duka aliacha Remote Desktop (njia ya kuendesha mashini ukiwa mbali) wazi kwenye intaneti, na neno la siri lilikuwa jina la duka na 123. Asubuhi nafungua, kila faili limefungwa, jina lake lina mkia wa herufi nisizozijua, na kwenye skrini barua ya kudai pesa. Kwa kuwa kazi zote nilizifanya kwa akaunti ya msimamizi, aliyeingia alishika kila kitu; antivairasi aliizima kwanza. Sikulipa. Diski ya nje yenye nakala za mafaili yangu ilikuwa kwenye droo, imechomolewa, kwa hiyo hakuifikia. Ingekuwa imechomekwa, nayo ingefungwa pamoja na mengine. Nilipoteza orodha ya madeni ya wiki tatu, nikayatafuta upya mteja kwa mteja.

Sasa wafanyakazi wangu wana akaunti za kawaida, kila mtu na neno lake la siri, na anayeacha kazi akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo. Diski ziko mbili, moja inalala nyumbani.

Najua megabaiti ni ghali, lakini usizime masasisho. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa cha Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi. Walioumia wengi hawakuwa wamesasisha. Na zile Windows za bure, za wizi, zinazokuambia uzime ulinzi ndipo ziwashwe, ziogope kweli.

Kwa hiyo usitoe dola zako bado. Windows 10 na 11 zina Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, ndani, inatosha kuanzia. Leo jioni fungua orodha ya akaunti kwenye kila mashini, futa usizozitambua, zima Remote Desktop. Kisha niandikie hapa uko na Windows ipi: masasisho ya kawaida ya 7 yaliisha Januari 2020, na ya 10 Oktoba 2025. Ukinitajia umri wa mashini na RAM (kumbukumbu ya kazi) yake, nitakuambia kama inaweza kubeba 11.