Jibu: Kuchoka kuomba ni dalili kwamba imani imekufa?

Pole sana dada yangu. Umeuliza kama kuchoka hata kuomba maana yake imani imekufa. Mimi sidhani. Fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya, muda mfupi tu baada ya Mungu kumjibu kwa moto kwenye mlima Karmeli, anamkimbia malkia Yezebeli aliyetaka kumuua, anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Malaika hakumkemea wala kumhubiria. Alimwambia ainuke, ale. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu, na huko Mungu akamwambia wapo watu 7,000 wasiompigia magoti Baali, mungu wa uongo. Naye alidhani kabaki peke yake! Wiki hii lala mapema (mikesha itakusubiri), na mwombe mwenzako mmoja wa jumuiya akuombee, hata wewe ukikaa kimya.