"Bisect" si kukata tu

Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kukosa alama zote za swali kwa sababu ya neno moja la Kiingereza. Swali lilisema "bisect" pembe ya nyuzi 60. Nilichojua ni kwamba neno hilo ni kukata, basi nikashika rula na kupitisha mstari kwa kukadiria. Mwalimu akaweka kipimapembe juu ya mchoro wangu: 34 huku, 26 kule.

Kweli neno lina asili ya Kilatini, mbili na kukata. Lakini kwenye jiometri usawa ndio uzito wake: kugawa nusu kwa nusu. Ukilitafsiri "kata" peke yake, umeliacha jambo lenyewe linaloulizwa. Kwa pembe, weka ncha ya bikari kwenye kona, chora tao lipite pande zote mbili. Bila kubadili upana wa bikari, chora matao mengine mawili kutoka pale tao lilipozikata pande hizo. Yanapokutana ndani ya pembe, hapo ndipo mstari wako kutoka kwenye kona unapopita.

Ila ninalosisitiza zaidi ni hili: kila ukiliona neno hilo, jiulize ni nini hasa kinachogawanywa sawa. Ni urefu, pembe au eneo? Chukua karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297. Mstari wa kona hadi kona unaligawa eneo lake nusu kwa nusu, lakini pembe ya kona unaigawa takribani nyuzi 35 kwa 55. Sasa kunja kona moja mpaka ukingo mfupi ulale juu ya mrefu. Mkunjo umeipa kona nyuzi 45 kwa 45, na eneo la karatasi halijagawanyika sawa hata kidogo. Ijaribu kwa mikono yako, usiishie kusoma.

"Dissect" ni neno jingine, lina s mbili: kupasua vipande ili kuchunguza. "Intersect" ni kukatana tu, popote pale.

Waandishi wa habari hulitumia "bisect" kwa ulegevu, mto ukipita katikati ya mji, na hakuna anayepima. Waandaaji wa programu wamelichukua kwa makini zaidi: hitilafu iliyojificha kwenye mabadiliko 1,000 wanaisaka kwa kupima la katikati, kuacha nusu isiyohusika, na kurudia. Majaribio 10 hivi yanatosha kuifikia.