Re: Nisubiri majibu ya vinasaba kabla mdogo wangu hajaanza dawa za TB ya uti wa mgongo?

Mkuu, usisubiri! Unasema daktari ameshataja TB ya uti wa mgongo, jasho la usiku linamlowesha dogo, halafu unataka dawa zingoje kipimo kilichopelekwa nje, eti kwa kuwa babu na mjomba walikuwa na kibyongo, hivyo huenda ugonjwa ni wa kurithi. Kaka yangu alipooza miguu katika kusubiri kwa namna hiyohiyo.

Mwenye maabara alitushikilia kwamba bila kujua jeni za ukoo daktari atabahatisha tiba. Ukoo ukachanga, sampuli ikasafiri. Huku nyumbani kaka akawa anajikwaa kizingitini, kandambili inamchomoka mguuni na yeye anaendelea kutembea, hajui kama imetoka. Kumbe usaha ulishajaa kwenye pingili, unabana neva za uti wa mgongo. Majibu yakaja: ana aina fulani ya jeni ya VDR. Daktari akayasoma, akaandika dawa zilezile nne ambazo angeziandika tangu mwanzo. Yule mtu alijua karatasi yake haibadilishi tiba, na bado akachukua hela ya watu wenye mgonjwa ndani. Sijamsamehe.

Kurithi wepesi wa kuugua kupo, sikatai. Tafiti za China na India zimeihusisha VDR na TB ya uti wa mgongo, maana kwa jeni hiyo seli za kinga hupokea vitamini D inayozisaidia kupambana na bakteria. Lakini wengi wana aina hiyohiyo ya jeni na hawaugui, na bila bakteria hakuna TB. Tena babu na mjomba wa nyumba moja walivuta hewa moja, na TB huambukizwa kwa hewa.

Vinasaba vinavyotakiwa kupimwa sasa ni vya bakteria. Wavute usaha kwa sindano au wachukue kipande cha mfupa, kiingie kwenye GeneXpert, mashine inayosoma vinasaba vya bakteria: ndani ya saa chache mnajua kama ni TB na kama rifampisini, mojawapo ya zile dawa nne, itaiweza. Makohozi safi na eksirei nzuri ya kifua visiwatulize, TB hii inaweza kukaa mgongoni peke yake. Daini picha ya MRI ya mgongo.

Leo jioni mwambie dogo afumbe macho, mguse vidole vya miguu kimoja kimoja, akutajie umegusa kipi. Akikosea, miguu ikilegea, au mkojo ukigoma, mpeleke hospitali usiku huohuo.